Albamu yetu ya kwanza tuliirekodi kwenye stoo ya korosho

Magunia 46 ya korosho ndiyo yaliyotufanya tujione mafundi. Wakati huo hatukujua. Tulikuja kujua siku yalipoondoka.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mjomba wangu huko Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini. Matofali ya kuchoma, dirisha moja la nondo, bati juu, sakafu ya saruji iliyopasuka. Huku kwetu mjomba si mtu wa kumzoea ovyo. Baba akikukatalia jambo unakimbilia kwa mjomba, lakini mjomba akikataa umekwisha. Kwa hiyo siku niliyokwenda kumwomba stoo nilibeba kilo mbili za sukari, na maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima juu ya bodaboda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, la uraka, ile pombe ya mabibo.

"Mtakunywa uraka humo ndani?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi ingieni. Korosho haziguswi. Na siku ya kupeleka mzigo ghalani ikifika, usije ukaniletea habari za muziki."

Tulikuwa watatu. Mimi napiga gitaa la rizimu na kuimba, mwenzangu niliyesoma naye sekondari anapiga besi, na wa tatu, fundi pikipiki kwa kazi, anapiga ngoma. Muziki wetu ni roki, tena ile inayoitwa lofai: rekodi ya vifaa hafifu, mara nyingi ya nyumbani, na mikwaruzo yake inaachwa isikike. Mtaani walisema tunapiga muziki wa Kizungu, ingawa nyimbo zote zilikuwa za Kiswahili na mmoja ulihusu kusubiri kivuko cha Msangamkuu juani.

Ugonjwa huu mimi niliupata kwa Pavement, bendi ya Stockton kule California. Albamu yao ya kwanza, Slanted and Enchanted, ilitoka 1992, na waliirekodi nyumbani kwa mpiga dramu wao, Gary Young, aliyekuwa na studio yake humo humo. Nilipewa kwenye flashi, katikati ya mafaili ya mtu mwingine. Gitaa zinanguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi, mwimbaji anaimba kama ameamshwa usingizini hajanawa, na bado kila wimbo umekaa mahali pake. Nikasema, kumbe inawezekana. Nilikuwa nimeshakwenda studio moja mjini, produsa akanitajia shilingi 150,000 kwa wimbo mmoja, tena akaniambia biti anayo tayari, mimi nilete mashairi tu. Gitaa langu aliliangalia kama mtu aliyeingia na mbuzi msikitini.

Mashine tuliipata kwa mgeni aliyekuwa akifanya kazi za gesi. Mkataba wake ulipokwisha aliuza kila kitu: friji, godoro, baiskeli, na kisanduku kizito chenye vitufe ambacho hakuna aliyekitaka. Shilingi 90,000. Kilikuwa kinasa sauti cha kanda chenye traki nne, ukoo wa ile Portastudio ambayo Tascam waliitoa 1979. Mashine ya aina hiyo ndiyo aliyoitumia Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, mapema mwaka 1982, nyumbani kwake New Jersey, kurekodi nyimbo za majaribio ili bendi yake ije izipige vizuri baadaye. Bendi ikazipiga studio, zikakosa ile roho. Mwisho kanda yenyewe, aliyokuwa akitembea nayo mfukoni bila hata kasha, ndiyo ikawa albamu ya Nebraska. Habari hiyo ilitupa kiburi kikubwa kuliko tulichostahili.

Nieleze kidogo mashine inavyofanya kazi, maana humo ndimo yalimotoka mambo yote. Kanda ya kawaida ina mistari minne ya sauti, ndizo traki: miwili ya upande A, miwili ya upande B. Mashine hii inaichukua yote minne kwa mwelekeo mmoja, na inaikimbiza kanda kwa kasi mara mbili ili sauti itoke safi zaidi. Kwa hiyo kanda ya dakika 60 inakupa dakika 15, basi. Na huigeuzi.

Hilo la kutoigeuza mwenzangu wa besi hakulisikia. Usiku wa kwanza alichukua kanda akaenda kuwatambia watu kwa fundi cherehani mwenye redio kaseti ya zamani. Kesho yake alikuja kanyong'onyea. Upande wa kwanza ilitoka ngoma na gitaa tupu, polepole, nzito, kama mazishi. Akageuza upande wa pili: sauti yangu ikaanza kuimba kinyumenyume, nzito kama ya mzee wa miaka tisini. Fundi cherehani alimwomba aizime, kuna mteja mjamzito anasubiri gauni.

Kanda nazo zilikuwa shida ya peke yake. Mashine ilitaka kanda za kromu, na za namna hiyo huku hazipatikani. Tulichopata ni kanda za kawaida kutoka sanduku la mjomba, taarabu nyingi, alizotupa kwa sababu redio yake ilikufa siku nyingi. Kwenye mashine yetu zilitoa sauti kama imefunikwa blanketi. Halafu, ukirekodi traki ya kwanza na ya pili tu, ya tatu na ya nne bado zina taarabu ya upande B, inakwenda kinyume na kwa kasi maradufu: vinanda vinalia kama chiriku wanaogombea mtama. Tulicheka mpaka machozi. Kisha tukazoea kufuta traki zote kwanza. Na kila asubuhi kichwa cha mashine kilisafishwa kwa spiriti na pamba, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi, na kanda iliyokaa sanduku moja miaka kumi na mitano huacha unga wa kahawia kila inapopita.

Amplifaya hatukuwa nayo. Gitaa liliingia kwenye sabufa ya mjini, ile ya kuangalizia mpira, ambayo spika yake ilikuwa imechanika pembeni. Ukiongeza sauti inakoroma. Huo mkoromo ndio uliokuwa muziki wetu. Dramu pia hatukuwa nazo. Tulikuwa na ngoma mbili za ngozi alizozoea mwenzetu tangu utotoni kwenye sindimba, sahani moja ya shaba, na debe. Ngozi ikipata unyevu inalegea, inapiga kama mtu anayekung'uta godoro. Basi kabla ya kila wimbo alikuwa anawasha makuti nje, anaisogeza ngozi kwenye moto, anaigonga kwa kidole, anaisogeza tena, anaigonga, mpaka ikaze. Ikikaza una kama dakika ishirini kabla haijaanza kulegea tena. Kwa hiyo ukikosea mara tatu, unarudi kwenye moto.

Wiki mbili za mwanzo tulirekodi nyimbo nne, na ninaweza kusema sasa kwamba zilikuwa mbovu. Mwenzetu wa ngoma alikuwa anachelewa kwenye mizunguko, mimi nafika juu sauti inapasuka, besi haijakazwa nyuzi sawasawa. Kila mmoja alisikia. Lakini tulikuwa tumejifunza neno, na neno hilo likawa mwamvuli. "Achana nayo, ni lofai." Besi imeteleza? Lofai. Nimesahau mstari nikaimba la-la-la? Lofai hiyo.

Jioni moja mjomba alipita kuhesabu mzigo wake, akasimama mlangoni tukiwa tunasikiliza tulichorekodi. Mjomba hajawahi kushika gitaa, lakini ni mtu wa enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, wakati bendi za dansi zilikuwa zinaingia studio ya redio, wanakaa wote chumba kimoja, wanapiga wote kwa pamoja, mmoja akiharibu mnaanza upya wote. Miziki hiyo yeye aliisikia kwenye redio ya betri akiwa shambani, na betri zikiisha alikuwa anazianika juani apate nusu saa nyingine. Alisikiliza wimbo mzima. Nikawahi kumweleza kwamba ndivyo unavyotakiwa kuwa, mikwaruzo ni mtindo.

"Mikwaruzo siioni tatizo," akasema. "Redio yangu ilikuwa na mikwaruzo kuliko hiyo. Ila redio mbovu haijawahi kunizuia kumjua anayekosea."

Akaendelea kuhesabu magunia.

Hakuna aliyelala vizuri usiku ule. Nilirudi kuisikiliza Pavement kwa sikio lingine, na nikaona nilichokuwa sijakiona: ule uzembe wote ni wa juu juu, chini yake watu wanajua wanakokwenda. Nikakumbuka pia watu wa mchiriku, ule muziki wa mitaani kule Dar es Salaam, akina Jagwa Music na vinanda vyao vidogo vya Casio na vipaza sauti vya kuungaunga. Sauti inapasuka kila upande, lakini mwambie mpiga ngoma wa mchiriku apoteze mwendo uone kama utamkuta. Studio kubwa inaweza kukufichia: inanyoosha sauti, inasogeza ngoma, inaongeza mwangwi. Stoo haikufichii kitu. Tukafuta zile nne, zote, na kwa wiki tatu mashine haikuwashwa. Tulipiga tu. Usiku, mlango umefungwa, joto la kutoa roho, mpaka mke wa mjomba akawa anaimba kiitikio chetu akichambua mboga bila kujua.

Kwa kweli sijui kama tungefika hapo bila zile traki nne kutubana. Mtu mwenye kompyuta ana traki mia, anaweza kuweka gitaa sita na kuamua baadaye. Sisi tulikuwa tunapiga ngoma kwenye ya kwanza, rizimu ya pili, besi ya tatu, halafu tunazichanganya zote tatu kwenda ya nne, tunafuta zile tatu, tunapata nafasi ya sauti na solo. Zikishachanganywa zimechanganywa. Ukigundua kesho kwamba besi iko juu mno, pole. Na kila unapochanganya, sauti kali zinapungua na ule mvumo wa kanda, ssss, unapanda. Mara moja unavumilika. Mara ya pili unakuwa kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili. Kwa hiyo kila wimbo ulikuwa na dakika moja ya kutisha, watatu tumeinama juu ya vitufe kama tunatoa mwiba, mmoja ana kidole kwenye ngoma, mmoja kwenye besi, mimi rizimu, na tunasema kwa kuangaliana: hapa hapa, iache. Urafiki wetu ulipimwa kwenye dakika hizo kuliko kwenye pesa.

Pia tulijaribu ujanja mmoja ambao bado unanichekesha. Nilisoma kwamba wenzetu wa lofai huacha sauti za nyumbani ziingie. Nikaona mke wa mjomba anatwanga, nikamwomba asogeze kinu karibu na mlango, atwange tukiwa tunarekodi. Alikubali kwa heshima, akavaa na kanga mpya. Lakini kutwanga kuna mwendo wake, na si mwendo wa wimbo wetu, na alipojua anarekodiwa akaanza kutwanga kwa madaha. Tulirudia mara tano. Mara ya sita akauliza kama tunataka unga au tunataka nini. Ikabaki hivyo. Uchafu wa kuagiza haunogi.

Kufikia Oktoba tulikuwa na nyimbo tano nzuri. Sauti kavu, karibu, kama mtu anakunong'oneza sikioni. Kila mtu aliyesikia alisema, mmeirekodi wapi? Nasi tulijibu kwa maringo, ni namna ya kuweka maiki.

Siku ya mzigo ilifika asubuhi na lori. Tulikuwa katikati ya wimbo wa sita, mashine inazunguka, maiki imesimama katikati ya chumba. Wabeba mizigo wanne wakaingia bila hodi, mjomba nyuma yao na daftari. Nikakumbuka onyo, nikanyamaza. Nilisogea tu ukutani. Gunia moja la korosho ni kama kilo 80. Wanainua wawili, linatua begani kwa mmoja, anatoka anakimbia kwa hatua fupi fupi, na vumbi la juti linabaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Haikufika robo saa stoo ikawa tupu.

Mchana tukarudi kumalizia. Mwenzetu akagonga ngoma mara moja tu. Ikaita. Ikagonga ukuta huu, ikaenda ule, ikapanda kwenye bati, ikarudi. Tukaangaliana. Nikapiga makofi: pa-pa-pa-pa. Zile korosho ndizo zilizokuwa zikinywa mwangwi. Produsa huko duniani ananunua sifongo maalumu ya kubandika ukutani. Sisi tulikuwa na zaidi ya tani tatu na nusu za korosho ghafi zimepangwa mpaka kifuani, kuta tatu, tukadhani ni namna ya kuweka maiki.

Tulitundika makanga. Tukaleta magodoro mawili na jamvi. Tukaweka magunia matupu. Ilipungua kidogo, lakini chumba hakikurudi. Hapo tukagombana kweli kweli, ugomvi wa kwanza na wa mwisho. Besi alitaka tusubiri msimu ujao, mwaka mzima, magunia yarudi. Mwenzetu wa ngoma alitaka tuzirudie zile tano kwenye chumba kitupu ili albamu nzima ifanane. Mimi sikutaka lolote kati ya hayo, na sikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa nimechoka tu, na nilijua kwamba bendi za hapa kwetu zinazosubiri mwaka ujao huwa zinakufa. Mmoja anapata kazi Dar, mmoja anaoa, gitaa linauzwa.

Tulichofanya ni kuandika upya nyimbo zilizobaki. Chumba kinaita? Basi tupunguze maneno, tupige polepole, tuache nafasi mwangwi umalize kusema kabla hatujaongeza kingine. Wimbo wa kivuko, ambao ulikuwa wa haraka, ukawa wa kungoja kama kivuko chenyewe. Nadhani ndio wimbo bora tulionao. Tulipanga kufika tisa, lakini mvua za Desemba zikaanza, na bati likipigwa na mvua ya Mtwara hakuna maiki inayoshinda. Tukaishia nane. Dakika 26. Tukaipa jina Stoo.

Mauzo nayaeleza haraka kwa sababu hayakuwa mengi. Kijana wa kibanda cha kurusha nyimbo kwenye simu, alipozisikia, aliuliza kama tulirekodia ndani ya ndoo, lakini alikubali kutuwekea. Tuliuza kadi za memori 34 kwa shilingi 5,000 kila moja, na ukiondoa bei ya kadi zenyewe ilibaki nauli na soda. Baada ya hapo watu walirushiana bure, na siku moja nikasikia wimbo wa tatu unatoka kwenye simu ya muuza ming'oko nisiyemjua stendi. Tulipiga mara moja ufukweni Shangani, hapa hapa Mtwara, watu wakasimama mikono kifuani wakingoja kitu cha kucheza, mpaka mwenzetu akaingiza mwendo wa sindimba katikati ya gitaa linalokoroma. Hapo kina mama wawili wakajifunga kanga viunoni. Wimbo mmoja, dakika tatu, kisha wakarudi kukaa.

Kitu kimoja sijakieleza. Ile asubuhi ya lori mashine haikuzimwa. Tulipokuja kusikiliza tukakuta dakika kadhaa za wabeba mizigo wakihema, "haya, pandisha, shika huko", miguu inaburura kwenye saruji, na juu ya yote sauti ya mjomba ikihesabu. Inaanzia thelathini na moja, karibu na maiki, na kila namba inaita zaidi kuliko iliyotangulia kwa sababu chumba kinazidi kuwa wazi. Tukaiweka kati ya wimbo wa tano na wa sita bila kugusa kitu.

Mjomba ana albamu yote kwenye simu yake ya vitufe, nilimwekea mwenyewe. Jioni akikaa barazani anaitafuta hiyo sehemu, anasogeza simu sikioni, anahesabu pamoja na sauti yake mwenyewe, midomo inacheza. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Akifika hapo anazima, kabla gitaa halijaanza.